Mwenye Jina Awe na Funguo: Waraka wa Wazi kwa TCRA

Msalato,
Dodoma.

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
S.L.P. 474,
Dar es Salaam.

Nakala: Ofisi ya TCRA, Kanda ya Kati, Dodoma.

YAH: OMBI LA KUWALINDA WENYE MAJINA YA VIKOA VYA .TZ PAMOJA NA REKODI ZAO

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,



Naandika kutoka Msalato, kata iliyo kaskazini mwa Jiji la Dodoma, kwenye barabara iendayo Kondoa na Babati. Kwa miaka mingi Msalato ilijulikana kwa shule yake ya sekondari ya wasichana na kwa chuo cha theolojia cha Kanisa Anglikana. Leo inatajwa zaidi kwa uwanja wa ndege wa kimataifa ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuwekea jiwe la msingi Oktoba 2022. Uwanja umevuta watu. Nyumba za wageni zinajengwa, maduka ya vifaa vya ujenzi yanafunguliwa, shule za binafsi zinatafuta wanafunzi, na wauza zabibu na mvinyo wanatafuta wanunuzi wa mbali. Karibu kila mmoja wao anataka tovuti, na anataka barua pepe yenye jina lake mwenyewe.

Mimi ni mmoja wa wanaowasaidia kwenye kazi hiyo. Humo nimeona tatizo moja likijirudia, na naamini Mamlaka yako ndiyo yenye uwezo wa kulimaliza. Wengi wanaolipia jina la .tz hawalimiliki kwa vitendo. Hawajui limeandikishwa kwa nani, nywila ya akaunti anayo nani, wala rekodi zilizomo zinasema nini. Ombi langu kwa ufupi ni hili: mwenye jina awe na funguo zake na daftari la rekodi zake, na hilo liwe sharti la usajili badala ya kubaki hisani ya wakala anayemwandikishia.

Waraka huu utasomwa pia na wakuu wa shule, makatibu wa vyama vya ushirika na wenye biashara ndogo. Kwa ajili yao, naomba nieleze kidogo jambo lenyewe lilivyo.

Jina la kikoa halibebi tovuti wala barua. Linabeba rekodi, yaani mistari michache ya maandishi inayotunzwa kwenye seva za majina, na kila mstari una kazi yake. Rekodi ya NS hutaja seva zenye kauli ya mwisho juu ya jina hilo. Rekodi ya A hukipa kivinjari namba ya seva ilipo tovuti. Rekodi ya MX huzielekeza barua pepe kwenye seva ya kuzipokea, ambayo si lazima iwe ile ile ya tovuti. Rekodi za TXT hubeba maelezo ya kuaminika kwa barua. Humo ndimo imo SPF, inayoorodhesha seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina hilo. Imo DKIM, ufunguo ambao mpokeaji hutumia kuhakiki sahihi iliyotiwa kwenye barua. Imo pia DMARC, inayomwambia mpokeaji afanye nini barua ikishindwa vipimo hivyo. Halafu kila rekodi ina TTL, idadi ya sekunde ambazo seva nyingine zinaruhusiwa kulikumbuka jibu kabla ya kuuliza upya: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima.

Mfumo huu aliuasisi Paul Mockapetris nchini Marekani mwaka 1983. Kabla yake, majina yote ya kompyuta za mtandao yaliandikwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na taasisi moja ya utafiti huko California. Aliyetaka jina liongezwe au libadilishwe aliomba huko, kisha kompyuta zote zikachukua nakala mpya ya faili. Mtandao ulipokua, faili moja na ofisi moja havikutosha tena. Ndipo ukaja utaratibu mpya: kila mwenye jina asimamie rekodi zake, na aliye juu yake amjulishe muulizaji tu pa kwenda kuuliza. Ninachokiomba kwenye waraka huu, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, ndicho msingi ambao mfumo wote ulijengwa juu yake.

Kwa upande wetu, kikoa cha .tz kiliandikishwa mwaka 1995. Mwaka 2006 Mamlaka yako na umoja wa watoa huduma za intaneti nchini, TISPA, walianzisha tzNIC ili .tz isimamiwe hapa nyumbani na Watanzania. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Leo shule inapata jina la sc.tz, kampuni co.tz, asasi or.tz, chuo ac.tz. Mnyororo unaanzia kwenye mzizi wa intaneti, unapita kwenye .tz, unashuka hadi kwa mwenye jina. Juu ni imara. Unalegea kwenye pete ya mwisho kabisa, pale ambapo mkuu wa shule anakabidhiwa risiti na kuambiwa kwamba mengine yote yataangaliwa na fundi.

Madhara ya kwanza hutokea siku ya kuhamisha tovuti. Ipo shule ya sekondari ya binafsi huku kwetu, ambayo sitaitaja, iliyochoka na tovuti yake nzito. Ikampa kazi fundi mpya, naye akaijenga vizuri kwenye seva za kampuni nyingine. Siku ya uzinduzi alibadilisha NS ili jina liziangalie seva mpya. Tovuti ikafunguka, uongozi ukafurahi, fundi akalipwa. Lakini MX na TXT za shule zilikuwa zimeandikwa kwenye seva za majina za zamani, na NS ikibadilishwa, kila kilichoandikwa kule hakisomwi tena. Seva mpya ilikuja na MX yake iliyojiandika yenyewe, ikizivuta barua mahali ambapo hapakuwa na sanduku la mwalimu hata mmoja.

Kwa kuwa TTL ilikuwa ya siku nzima, baadhi ya barua ziliendelea kufika kwa njia ya zamani, nyingine zikarudi kwa waliozituma na ujumbe kwamba anwani haipo. Mzazi wa Singida akajibiwa, mzazi wa Mwanza akadhani shule imefungwa. Ilikuwa Desemba, wakati wa kuomba nafasi za kidato cha kwanza. Tovuti ilifunguka vizuri, kwa hiyo kila mtu akalaumu mtandao. Tatizo lilipofahamika, huduma ya zamani ilikuwa imeshafungwa kwa kutolipiwa na rekodi zake zimefutika nayo. Ilibidi kila kitu kiandikwe upya kwa kubuni na kuulizia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lenyewe lingekuwa ukurasa mmoja wa karatasi, na haukuwepo.

Hata wakubwa hupatwa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kote kwa takriban saa 6. Amri iliyokosewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao wa ndani wa kampuni, na seva zake za majina zikaacha kuonekana kwenye intaneti. Picha na ujumbe wa watu vilikuwa salama muda wote, ila majina hayakuwa na wa kuyajibia. Kampuni ile ilikuwa na wahandisi waliojua kila kitu kilipo, na bado iliwachukua saa zote hizo. Shule isiyojua hata rekodi zake ziko kwa nani itachukua muda gani?

Madhara ya pili ni jina kuisha muda. Jina hulipiwa kwa kipindi, na lisipohuishwa huzimwa, kisha huachiwa mtu mwingine yeyote alichukue. Mara nyingi wakala amejiandikisha yeye kama mwenye jina, kwa barua pepe yake na simu yake, kwa sababu siku ile ilikuwa rahisi hivyo. Akihama mkoa, akibadili kazi au akifariki, taarifa za kuhuisha zinakwenda mahali pasipo na wa kuzisoma. Hata pale taarifa inapotumwa kwa taasisi yenyewe, mara nyingi hutumwa kwenye barua pepe ya jina lile lile linalokaribia kuzimwa. Jina likishazimwa, na anwani hiyo imekufa.

Hasara haiishii kwenye tovuti. Anayejisajili kwenye NeST ili aombe zabuni za Serikali huandika barua pepe. Akaunti za benki, za mitandao ya kijamii na za mifumo ya malipo nazo hufungamanishwa na barua pepe, na anayesahau nywila hutumiwa kiungo cha kuweka nyingine kupitia anwani hiyo. Mtu akilichukua jina lililoachwa, anaweza kuweka MX yake na kuanza kupokea barua zote zilizokusudiwa mwenye jina wa kwanza, pamoja na viungo vya kubadilisha nywila. Atakuwa amepata funguo za nyumba nzima kwa bei ya jina moja.

Madhara ya tatu ni kughushi. Watanzania wote tunaujua ule ujumbe wa simu unaosema ile hela itume kwenye namba hii. Mamlaka yako imeupiga vita na kutupa namba 15040 ya kuuripoti. Utapeli huo upo pia kwenye barua pepe, na unakuja umevaa suti. Jina lisilo na SPF wala DMARC linaweza kutumiwa na mtu yeyote, popote alipo, kutuma barua inayoonekana imetoka kwa mhasibu wa shule, ikiwataarifu wazazi kwamba akaunti ya ada imebadilika. Mzazi anaona jina la shule, anaona .sc.tz, analipa.

Upande wa pili, taasisi yenye nia njema lakini isiyo na rekodi hizo hukuta barua zake zikitupwa kwenye barua taka. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila anayewatumia wateja wao barua awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua nyingi, ambazo kwa Google ni zaidi ya 5,000 kwa siku, awe na zote mbili pamoja na DMARC. Kosa dogo lililoenea huku kwetu ni taasisi kuwa na rekodi mbili za SPF, moja ya barua za kawaida na nyingine iliyoongezwa baadaye kwa ajili ya huduma ya matangazo. Jina linatakiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, kipimo hushindwa chote, na barua halali huonekana na mashaka sawa na za matapeli.

Sisemi haya kuwashitaki mawakala. Wengi wao ni vijana waaminifu waliojifunza kazi hii kwa jasho lao, na ndio walioziingiza biashara zetu mtandaoni. Utaratibu usiomtenganisha mwenye jina na mtoa huduma unawaumiza wao pia, kwa sababu jina likipotea lawama zote huwaangukia wao. Kwa hiyo naomba mambo matano.

Kwanza, jina la .tz liandikishwe kwa mwenyewe. Iandikwe taasisi, namba yake ya BRELA au ya usajili wa shule, na simu ya kiongozi wake, naye wakala aandikwe kama mtaalamu wa kiufundi tu. Februari 2022 ilizinduliwa hapa hapa Dodoma Operesheni ya Anwani za Makazi, nyumba zikapata namba na mitaa ikapata vibao. Fundi aliyepigilia kibao hakuondoka na umiliki wa nyumba. Vilevile Mamlaka yako iliposimamia usajili wa laini kwa alama za vidole, ilimpa kila mwananchi *106# aone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tunaomba njia rahisi kama hiyo kwa vikoa, mkuu wa shule aweze kuuliza kwa simu ya kawaida na kujibiwa: jina la shule yako limeandikishwa kwa nani, kupitia msajili yupi, yaani kampuni iliyoliandikisha, na linaisha lini.

Pili, taarifa za jina zitumwe kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa Kiswahili, moja kwa moja kwa mwenye jina. Zitumwe jina linapobakiza siku 60, 30 na 7. Zitumwe pia kila NS inapobadilishwa, kwa kuwa hilo ndilo badiliko linaloweza kuhamisha kila kitu kwa mkupuo mmoja. Kiongozi akipokea ujumbe kwamba seva za majina za shule yake zimebadilishwa leo, atauliza leo, kabla wazazi hawajaanza kulalamika mwezi ujao.

Tatu, makabidhiano yawe na karatasi. Kila msajili na wakala atakiwe kumpa mteja nakala ya rekodi zote za jina lake anapoanza huduma, anapozibadilisha na anapoondoka. Mteja akiomba namba ya siri ya kuhamishia jina kwa msajili mwingine, aipate ndani ya siku chache za kazi zilizotajwa kwenye kanuni. Gharama ya jina itenganishwe kwenye ankara na gharama ya kuhifadhi tovuti na ya kuitengeneza. Deni la kutengeneza tovuti ni deni kama madeni mengine na lina njia zake za kudaiwa. Jina la taasisi lisishikwe rehani kwa ajili yake.

Nne, jina jipya lizaliwe likiwa na ulinzi. Majina mengi husajiliwa na kukaa muda mrefu bila kutuma barua yoyote. Jina la namna hiyo liwekewe tangu siku ya kwanza SPF inayosema hakuna seva iliyoruhusiwa kutuma, na DMARC inayoagiza barua za kughushi zikataliwe. Mwenye jina atakapoanza kutumia barua pepe, msajili ambadilishie kulingana na huduma aliyochagua. Kazi hii ni ya mistari miwili ya maandishi, na inamfungia tapeli mlango kabla hajabisha hodi.

Tano, tufundishwe. Mamlaka yako ina Ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma, na imeanzisha klabu za kidijitali mashuleni na vyuoni. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kabisa kujifunza kusoma rekodi ya MX, na akishajua atakuwa msaada kwa shule yake na kwa duka la mzazi wake. Tunaomba pia fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, yenye nafasi ya kuandika msajili, tarehe ya kuisha, NS, A, MX, TXT, na jina la anayetunza nywila. Kila taasisi iijaze na kuiweka kwenye faili lile lile lenye cheti cha usajili na hati ya kiwanja.

Sisi wenye majina nasi tuna wajibu, na sitaki waraka huu uutupe mzigo wote mabegani kwa Mamlaka. Tuwe na akaunti kwa msajili kwa jina la taasisi, nywila zijulikane na viongozi wawili, na anwani ya kurejeshea akaunti iwe nje ya kikoa chenyewe. Tunapohamisha tovuti tufuate mpangilio: kunakili rekodi zote za zamani, kushusha TTL hadi 300 siku mbili kabla, kuziandika MX na TXT kwenye seva mpya kabla ya kugusa NS, kujaribu barua za kwenda na za kuja, na kuiacha huduma ya zamani ikiwa hai kwa wiki kadhaa hadi tuwe na uhakika. Na pale ambapo seva za majina za zamani zinafanya kazi vizuri, mara nyingi hakuna haja ya kubadilisha NS hata kidogo. Inatosha kubadilisha rekodi ya A peke yake, tovuti ikahama, barua zikabaki salama zilipo.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, Dodoma ni makao makuu ya nchi, na kwa uwanja unaojengwa hapa kwetu, Msalato itakuwa mahali pa kwanza ambapo wageni wengi watakanyaga. Mwenye nyumba ya wageni, mkulima wa zabibu na mkuu wa shule wataandikiwa barua na watu ambao hawajawahi kuwaona, na watu hao watawaamini au kuwatilia shaka kwa kuangalia jina. Taifa limejenga .tz kwa miaka mingi ili jina hilo liaminike. Imani hiyo hupotea mtu mmoja baada ya mwingine, kila barua inaporudi na kila mzazi anapolipa ada kwa tapeli.

Kati ya maombi haya matano, la pili na la tatu yanaweza kuanza mapema, kwa maelekezo kwa wasajili. Naiomba Mamlaka iyaanze hayo. Naiomba pia Ofisi ya Kanda ya Kati itutengee siku moja ya kukutana na wenye majina ya .tz wa Msalato na kata za jirani, kila mmoja aje na risiti yake, aondoke akijua jina lake limeandikishwa kwa nani na fomu yake ikiwa imejazwa. Kuwaita na kuwakusanya watu tutafanya wenyewe.



Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Msalato, Dodoma